Uzi Mwekundu Kifundoni

Jumapili, 2 Machi

Naliomba radhi daftari hili kabla sijaandika lolote ndani yake. Lilijalidiwa kiwandani kwetu kwa ajili ya orodha ya nyimbo za kanisa ambayo haikuchapwa kamwe, nami nililichukua siku niliyostaafu, kwa ruhusa. Karatasi zake ni bora kuliko mambo niliyo nayo ya kusema. Hata hivyo, leo kuna jambo.

Mvua ilianza alasiri. Mama alikanyaga pini chini ya cherehani yake, akaniita niitoe, akisema kwamba macho yaliyosoma herufi ndogo kwa miaka arobaini hayawezi kushindwa na pini. Mama ana umri wa miaka themanini na saba. Mimi ni mjane mwenye miaka sabini, na bado huniita kama aitwavyo mtoto aliyechelewa kurudi kutoka dukani. Nikapiga magoti, nikauweka mguu wake wa kulia juu ya paja langu, nikaitoa pini. Ndipo nikaliona doa. Liko unyayoni, chini ya kidole kidogo, upana wa kifungo cha shati. Jeusi upande mmoja, hudhurungi upande mwingine, na kingo zake zimesambaa kama wino ulioangukia karatasi mbichi.

Nikamwuliza lilianza lini. Akajibu kuwa ni mafuta ya cherehani tu. Mguu huo umekanyaga pedali tangu kabla sijazaliwa, ungekosaje kuchafuka. Nikaleta maji, sabuni na kitambaa, nikasugua mpaka akaniuliza kama nakusudia kutokea upande wa pili. Doa halikupungua hata chembe.

Mtu aliyefanya kazi katika kiwanda cha uchapaji anaujua wino unaotoka na wino usiotoka.

Jumatatu, 3 Machi

Mvua. Nimemwomba Mama twende zahanati, amekataa. Amewaahidi wazazi wa shule iliyo mwisho wa barabara yetu sare thelathini na nne kabla ya kufungua muhula, na anasema zahanati haijawahi kushona hata moja.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Amekataa tena.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Nilimkumbusha, kwa heshima zote, kwamba marehemu mke wangu naye alisema “kesho” kwa miezi mitano. Mama akauweka mkasi chini. Kisha akaniambia nimtafutie viatu vyake.

Alhamisi, 6 Machi

Daktari wa zahanati ni kijana mpole. Alimtia Mama ganzi, akachukua kipande kidogo cha lile doa, akakitia katika kichupa ili kipelekwe maabara. Majibu yatachukua zaidi ya wiki mbili. Aliniagiza nilichore doa kila Jumapili, ili tujue kama linatembea. Nimefurahi kupewa kazi, na naona haya kwamba nimefurahi.

Jumapili, 9 Machi

Nimechora. Niliuweka unyayo wa Mama mbele yangu, nikaweka karatasi nyembamba juu yake, nikafuatisha ukingo wa mguu, kisha doa mahali pake. Baadaye nikaketi mezani, nikaunakili mchoro kwa wino ili upendeze. Nakiri kwamba ulipendeza.

Kazi yangu kiwandani ilikuwa kupanga herufi za kuchapia, za madini ya risasi, kwa mkono, moja baada ya nyingine. Herufi hukaa zimegeuka ili zikichapwa zisomeke sawa. Kulia huwa kushoto na kushoto huwa kulia. Mtu akikaa na jambo hilo miaka arobaini, akili yake huanza kugeuza kila kitu kinachomwelekezea uso, hata bila kuombwa. Marehemu mke wangu alikuwa akiwaambia wageni, “Mkimwuliza mume wangu njia, akisema kulia ninyi pindeni kushoto, mtafika mapema.” Aliwahi kulisema hilo mbele ya padri. Sikumbishia, kwa kuwa padri mwenyewe alikuwa amechelewa kufika.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Kola nne zimeshonwa. Mguu unamwuma pale palipokatwa lakini hasemi. Naona tu kuwa pedali inasita.

Jumapili, 16 Machi

Nimechora. Hakuna badiliko, au macho yangu yananidanganya.

Jumatatu, 24 Machi

Majibu yamefika. Daktari kijana alianza mbali sana, kwa habari za mvua na ubovu wa barabara, mpaka Mama akamkatiza: “Daktari, wewe kata kitambaa. Kupima umeshapima.”

Akasema ni saratani ya ngozi. Akaeleza, kwa uangalifu ninaomshukuru, kwamba aina hii kwa watu wa rangi yetu hupenda kujificha unyayoni na viganjani, mahali ambapo hakuna anayepaangalia. Kwamba haikuletwa na mafuta, wala pedali, wala pini, wala kosa la mtu yeyote. Ikikatwa kwa kuachiwa nafasi ya kutosha pande zote, na kabla haijasafiri kwenda kwenye tezi za nyonga, lipo tumaini, tena si tumaini la kubembelezea wagonjwa. Mama aliuliza swali moja tu: kama atakanyaga pedali tena. Daktari akasema swali hilo atalijibu mpasuaji wa hospitali kuu, akatuandikia barua.

Tuliporudi nyumbani Mama aliketi, akashona kola mbili. Mimi nilikwenda jikoni, nikafungua bomba ili asinisikie nikilia. Alinisikia. Alipaza sauti kutoka sebuleni kwamba maji hayaokotwi barabarani.

Alhamisi, 27 Machi

Siku ndefu, nisamehewe nikiiandika kwa urefu.

Mvua ilitukuta kabla ya lango la hospitali. Nilimfunika Mama kwa koti langu, na kwa kufanya hivyo nikailowesha barua ya zahanati iliyokuwa mfukoni. Nilipoifungua mbele ya karani wa mapokezi, nusu yake ilikuwa mawingu ya buluu. Nilimwomba radhi karani, nikamwomba radhi Mama, nikaiomba radhi barua. Karani akanipa karatasi safi, akasema niandike mwenyewe maelezo ya ugonjwa, naye atayatia katika faili. Kwa bahati nilikuwa na michoro yangu. Nikaitandaza juu ya meza, nikaandika kwa hati yangu bora: doa liko unyayo wa kushoto, chini ya kidole kidogo, upana wa sentimita moja na robo. Karani alisema hajaona mwandiko mzuri kama huo tangu aanze kazi. Nilitembea korido nzima nikiwa mrefu kidogo kuliko kawaida yangu.

Mpasuaji ni mwanamke kijana, mwepesi wa mikono na mzito wa maneno. Hakutoa hata shikamoo. Aliuinua mguu wa Mama, akaliangalia doa kwa taa, akabonyeza nyongani, akaenda kunawa. Dakika saba, nilizihesabu. Alieleza huku amegeukia sinki kwamba atalikata doa pamoja na ngozi inayolizunguka, atachukua ngozi nyembamba kutoka pajani aipandikize pale, na atatoa tezi moja ya nyonga ili ichunguzwe. Wiki sita bila kuukanyagia mguu huo. Tezi ikikutwa safi, mguu utakuwa wa Mama. Isipokuwa safi, tutazungumza tena.

“Kwa hiyo unanitia kiraka,” Mama akasema.

Daktari akakubali kuwa ni kiraka.

“Usitumie uzi hafifu.”

Siku iliyopangwa ni Jumanne, tarehe kumi na tano Aprili. Mama akaomba isogezwe hadi mwisho wa Aprili, baada ya sare. Mpasuaji alikausha mikono, akauelekezea unyayo kidole. “Bibi, mimi sikupangii. Anayepanga ni huyo.”

Sikupenda namna alivyolisema. Tangu saa ile nimejaribu kutafuta namna nzuri zaidi ya kulisema, na sijaipata.

Ijumaa, 28 Machi

Mama hataki hospitali. Sare kumi na tatu ziko tayari, bado ishirini na moja, na mguu hauwezi tena pedali kwa saa nzima. Amesema, bila hasira, kwamba hajawahi katika maisha yake kumrudishia mtu kitambaa kisichoshonwa, na kwamba yeye ameshaishi vya kutosha ilhali watoto wale ndio wanaanza. Nikamwambia nitakanyaga mimi. Alinitazama kuanzia unywele hadi kiatu.

“Wewe?”

“Mimi, Mama. Samahani.”

“Tukimaliza kabla ya tarehe yao, nitakwenda. Tusipomaliza, usinitajie tena.”

Jumamosi, 29 Machi

Tumepanga hivi: Mama anakaa mahali pake mbele ya sindano, mguu wake wa kulia ukiwa juu ya mto, mimi nimeketi upande wa pili wa meza, juu ya kigoda, tukitazamana, miguu yangu ikiwa imepenya chini hadi kwenye pedali. Yeye anaongoza kitambaa, mimi ni injini.

Kwa kuwa nimekaa kinyume, gurudumu nililianza kinyume. Uzi ukakatika. Nikaanza tena, ukakatika tena. Mara ya sita Mama alisema, “Mwanangu, unashonea kurudi jana.”

Ukuta wetu umeegemewa na kibanda cha fundi viatu ambaye mtaa mzima humwita Msumari, kwa kuwa hushika misumari midomoni na bado anaongea. Kwa miaka tisa nimemhesabu kuwa mtu asiye na adabu: hupiga miluzi tangu asubuhi, na huchungulia dirishani bila kubisha. Leo alichungulia.

“Mama mkubwa, gari lako lina abiria na dereva,” akasema na misumari yake. “Ila dereva ndiye hajui njia.”

Mama alicheka hadi akaondoa miwani. Nilifunga dirisha, kwa upole.

Jumapili, 30 Machi

Nimechora. Baada ya ibada tumeshona nusu ya sketi. Nimeomba radhi kwa Mungu kwa kufanya kazi leo. Mama anasema alishazungumza naye.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Sare mbili. Uzi umekatika mara nne tu.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Moja. Magoti yangu.

Jumapili, 6 Aprili

Nimechora. Naamini ukingo wa juu umesogea, unene wa uzi. Sikumwambia. Aliniuliza mbona leo nakanyaga kwa kasi.

Jumatano, 9 Aprili

Leo lilitokea jambo ambalo sijui kulieleza vizuri. Tulianza saa tatu asubuhi, na kama saa nne hivi nilitambua kwamba sijasikia uzi ukikatika, wala Mama hajasema “polepole” au “haya”. Nilikuwa nikitazama mikono yake: ikibonyea kidogo, miguu yangu ikapunguza, ikinyooka, nikaongeza. Hakuna aliyekuwa akimwambia mwenzake kitu. Nimekula chakula cha mama huyu kwa miaka sabini na nimevaa alivyonishonea, lakini sikuwahi kuijua kazi yake kutoka ndani. Kila pindo alilopinda lilipita mguuni kwanza.

Sare tatu.

Jumapili, 13 Aprili

Thelathini na nne.

Ya mwisho ilitoka saa kumi na moja jioni, mvua ikipiga bati kiasi kwamba tuliongea kwa ishara. Mama alikata uzi kwa meno, akaikunja, akaiweka juu ya nyingine, akapigapiga rundo kama mtu anayemsifu farasi. Nilikuwa nikiwaza namna ya kuzifikisha shuleni bila kulowa, mara Msumari akaingia bila kubisha, amebeba turubai la kibanda chake mwenyewe. Alizifunga sare zote humo, akazipeleka kwa mkokoteni, akarudi ametota hadi soksi. Nilitaka kumshukuru ipasavyo, nikaanza kwa kumwomba radhi kwa lile dirisha. Akasema dirisha lipi, yeye alidhani ni upepo.

Usiku huu kibanda chake hakina paa. Nalifikiria hilo.

Jumatatu, 14 Aprili

Amelazwa. Wodi ya wanawake, kitanda cha tatu kutoka mlangoni, dirisha linaloangalia kamba za kufulia.

Kabla hatujatoka nyumbani Mama aliomba donge la uzi mwekundu uliobaki kwenye nembo za sare. Akauzungusha mara tatu kwenye kifundo cha mguu wa kulia, akafunga fundo la kazi, lile lisilofunguka. Nilimwuliza ni wa nini.

“Sijakata nguo ya mtu maishani bila kutia alama.”

Nilimweleza kwamba hospitali wana alama zao, watu waliosoma, na kwamba wauguzi wanaweza kutushangaa. Alivuta soksi, akaufunika. Nakiri niliuonea haya uzi ule njia nzima.

Jumanne, 15 Aprili

Mwandiko wa leo ni mbovu, na kwa mara ya kwanza sitauombea radhi.

Saa mbili asubuhi alikuja muuguzi, dada wa makamo mwenye sauti nzuri. Alimwosha Mama mguu wa kushoto kwa dawa ya njano, hadi gotini, akachora mshale kwa kalamu ya buluu juu ya kifundo. Mama alimwachia mguu. Baadaye aliniambia alidhani wanaosha yote miwili, kama mtu anavyopiga pasi mikono yote ya shati. Mimi nilikuwa mlangoni, nimeshika viatu vyake, nikifikiria sala.

Kisha muuguzi akaona uzi mwekundu kwenye mguu wa kulia, akatoa mkasi mdogo.

“Bibi, hairuhusiwi kuingia na kitu mwilini.”

“Hicho si kitu, binti yangu. Hiyo ni alama. Mguu ni huo.”

“Mguu ni huu, bibi.” Akaugusa wa kushoto, kwa upole mwingi, upole ule wa kuwahurumia wazee.

“Miguu hii ninayo miaka themanini na saba. Sijawahi kuichanganya.”

Muuguzi akafungua faili ili amwonyeshe. “Imeandikwa hapa. Unyayo wa kushoto.”

“Nani kaandika?”

Kutoka mlangoni niliiona karatasi. Padri aliyetufundisha hati alitaka mkia wa kila y upinde kama ndoana, na katika wanafunzi arobaini na wawili ni mimi peke yangu niliyeendelea kuupinda hadi leo. Nilizitazama zile ndoana. Nikamwona karani akinisifu, nikaiona michoro mezani, unyayo ukinielekezea uso kama herufi ya risasi, na akili yangu ya miaka arobaini ikiugeuza bila kuniuliza. Wakati huo huo wale vijana wa kusukuma vitanda walikuwa wameshafungua breki.

Mimi ni mtu niliyeomba radhi maisha yangu yote. Nimeiomba radhi milango. Nimewaomba radhi watu walionikanyaga. Nilipofungua kinywa leo, nikiwa na kosa halisi kwa mara ya kwanza, hakikutoka hata kimoja cha vile vijineno vyangu. Niliviacha viatu vikaanguka, nikasimama kati ya kitanda na mlango, nikashika chuma cha kitanda kwa mikono yote miwili.

“Karatasi hiyo niliandika mimi na ni makosa. Mguu ni wa kulia. Kitanda hiki hakiendi popote mpaka daktari aje.”

Muuguzi aliniambia, mzee, tafadhali. Kijana mmoja akanishika bega. Nilirudia maneno yale yale, kwa sauti ambayo wodi nzima iliisikia, maana wagonjwa waliinuka kwenye mito. Sikusema tafadhali. Naandika hili ili nisije baadaye nikadhani nilisema.

Mpasuaji alifika amevaa kofia ya kazi. Nilijiandaa kwa maneno mazito. Alipiga goti sakafuni, akaugeuza unyayo wa kulia, akaliona doa lake na kovu la zahanati. Akaugeuza wa kushoto, msafi kama wa mtoto. Akaitoa karatasi yangu kwenye faili, akaichana vipande vinne. Akamtaka muuguzi afute mshale wa buluu, akachora mwingine yeye mwenyewe, mguu wa kulia, ncha yake ikigusa uzi mwekundu.

Alisimama, akamweleza Mama kwamba kabla ya kisu hukagua mguu kwa macho yake, kila mara, kwa hiyo angeliona. “Lakini zipo siku ninazochoka, bibi, na sitaki kujua siku hiyo ingekuwaje.” Kisha akamshika mkono. “Shikamoo. Hiyo nilipaswa kuanza nayo tangu siku ya kwanza.”

“Marahaba, mwanangu. Huo uzi uache.”

Daktari akamwagiza muuguzi aupake dawa, uingie hivyo hivyo.

Kitanda kikaanza kusogea. Nilikwenda nacho, na hapo ndipo vijineno vyangu vyote vilirudi kwa pamoja, nikaanza, Mama niwie radhi, Mama. Alininyamazisha kwa kidole.

“Utaniomba nikirudi. Ukianza sasa hatutamaliza.”

Alikuwa ndani kwa muda wa saa tatu na dakika ishirini. Nje mvua. Msumari alikuja na chai kwenye chupa, akakaa benchi moja nami, bila misumari na bila mluzi. Nilimweleza yote. Nilitarajia mzaha, na nilistahili. Alisema tu kwamba yeye aliwahi kumtengenezea mteja viatu viwili vya mguu mmoja, ila yeye hakuwa na mama wa kutia alama.

Ametoka. Amelala. Uzi upo.

Jumatano, 16 Aprili

Ameamka, amekula. Nikamwuliza kama sasa ni wakati wa ile radhi. Akasema bado.

Jumamosi, 19 Aprili

Bandeji ilifunguliwa. Mama aliomba kioo, akautazama mguu kwa muda mrefu, akagusa ukingo wa ngozi mpya kwa kidole cha kazi. Akamwuliza mpasuaji nani alimfundisha. Daktari akasema profesa mmoja. Mama akasema profesa huyo anajua kushona. Mishono imekaribiana na haijavuta. Yule mwanamke asiye na maneno alitabasamu hadi akalazimika kugeukia sinki.

Jumanne, 22 Aprili

Shule imefunguliwa. Nilisimama getini asubuhi, mvua nyepesi, nikazihesabu sare zetu hadi thelathini na nne. Nikaenda kumwambia. Aliniuliza kama kuna iliyovuta mabega. Hakuna.

Ijumaa, 25 Aprili

Tumerudi nyumbani. Mguu juu ya mto. Radhi: bado.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua. Tunangoja tezi.

Ijumaa, 2 Mei

Tunangoja.

Jumapili, 4 Mei

Tunangoja. Mama anajifunza kukanyaga pedali kwa mguu wa kushoto, endapo itabidi. Hajaisema hiyo “endapo”. Naisikia katika gurudumu. Nilishindwa kukaa chumbani.

Jumanne, 6 Mei

Safi.

Kingo zote ni safi na tezi ni safi. Mpasuaji alilisema neno hilo kabla hatujaketi, akiwa bado amesimama mlangoni, baada ya shikamoo mbili. Nilimwomba alirudie. Akalirudia. Mama akasema, “Alikata kwa nafasi,” kwa sauti ya fundi anayempitisha fundi mwenzake. Ataangaliwa kila baada ya miezi mitatu, na mimi nitamkagua ngozi yote inayokaguliwa na mwana, na nyingine atakagua binti yangu akija likizo. Huko mapokezi nilimkuta karani yule. Ukutani nyuma yake pana tangazo jipya: kila anayekwenda kupasuliwa aulizwe mwenyewe, na atiwe alama akiwa macho. Mwandiko wake haupendezi. Sijaona tangazo zuri kama hilo.

Tulipopita kibandani Msumari alitoa misumari yote kinywani, akaitia mfukoni, akapiga mluzi mmoja uliosikika hadi kwenye shule. Niligundua kwamba ninaujua wimbo.

Jumapili, 18 Mei

Msumari amekuja na kadibodi kupima unyayo, atengeneze kiatu chenye shimo laini chini ya kidole kidogo. Niliinua mkono nimwonyeshe ni mguu upi. “Wewe tulia,” akasema. “Nimemwuliza mwenye miguu.”

Jumanne, 27 Mei

Wiki sita. Amekanyaga. Hatua nne, kitanda hadi kiti. Mvua inapungua.

Jumatano, 11 Juni

Jua tangu asubuhi, na ukuta wa uani umekauka hadi chini.

Mama aliamka kabla yangu. Nilipotoka chumbani nilikuta kigoda changu kimeondolewa upande wa pili wa cherehani na kuwekwa dirishani, mahali pa wageni. Yeye alikuwa ameketi mahali pake, kiatu cha Msumari mguuni. Uzi mwekundu aliukata jana, kwa mkono wake. Alikuwa akishona shati langu la Jumapili, pindo la mkono mmoja. Nilipolichukua baadaye niliona mishono mitatu myekundu, midogo, ndani ya pindo la mkono wa kulia, mahali ambapo mtu mwingine haoni. Ni ya kunisaidia njiani, alisema.

Lakini kwanza, nikiwa bado mlangoni, alisema bila kuinua uso:

“Haya. Ile radhi yako. Niombe sasa.”

Nimekuwa nikiiandaa kwa siku hamsini na saba. Nilikuwa na sentensi ndefu, zenye mwanzo na mwisho, kama alivyotufundisha padri. Nikasogea, nikaweka mikono nyuma, nikaanza. Na nilipofika tu kwenye “Mama, niwie radhi,” mguu wake wa kulia ulishuka juu ya pedali, na gurudumu likaruka, na cherehani nzima ikanguruma hadi vikombe vikacheza kabatini. Niliongea hadi mwisho. Sikusikia hata neno moja la niliyosema.

Alipofika mwisho wa mshono alisimamisha pedali, akakata uzi kwa meno, akanitazama.

“Ulikuwa unasema?”

“Si kitu, Mama.”

“Vizuri,” akasema, akakanyaga tena.